Chungu cha Mama Mkwe kwa Rangi za Maji

Jumanne, 9 Juni 1998

Leo nyota yangu imeng'aa! 

Asubuhi gari jeupe lilisimama mbele ya karakana yangu hapa Buyenzi. Gari likisimama ghafla siku hizi za vita, mtu hangoji kuuliza. Nikajificha nyuma ya kibao cha saluni. Kumbe ni Madamu Geneviève, yule mama wa Kibenga, mwenye nyumba kando ya ziwa iliyojaa picha mpaka chooni. Akaniita nitoke. Nikatoka nikijifanya nilikuwa natafuta burashi.

Akasema ameona chungu nilichochora kwenye ukuta wa mgahawa wa Léoncie, na amekipenda. Amechoka na picha za ngoma na ng'ombe. Anataka kufanya maonyesho barazani kwake, vyungu tu, vyungu vya kawaida vya jikoni mwa watu wa kawaida, tena kwa rangi za maji. Akauliza kama nimewahi kuzitumia. Nikajibu tangu utoto. Uongo mtupu! Mi ni mchora vibao. Maisha yangu yote ni rangi ya mafuta, saluni, gereji na "hapa tunashona".

Akanipa kisanduku cha bati chenye virangi vidogo mfano wa peremende, pamoja na karatasi tatu nzito. Akanionya: kwa sababu ya ambargo, hivi vikwazo vya nchi jirani, rangi hizi zikiisha hakuna nyingine Bujumbura nzima. Ijumaa ya wiki ijayo atachagua mchoraji mmoja. Mmoja tu!

Halafu, mbele ya macho yangu, akavuka barabara akampa Aloys kisanduku kama changu.

Aloys! Karakana yake inatazamana na yangu. Huyu ni mtu aliyechora ng'ombe kwenye kibao cha fundi wa miwani.

Sasa shida ni chungu chenyewe. Chungu kizuri kuliko vyote ninavyovijua kiko nyumbani kwangu, lakini si changu. Ni cha mama mkwe, Bi Ghanima. Siku watu walipokimbia vita Cibitoke, kule kaskazini, wengine walibeba godoro, wengine redio. Yeye alibeba chungu hicho kichwani, na maharage ya jana yakiwa ndani. Nyumba, duka la marehemu mume wake, vyote vilibaki kule. Amesema mara nyingi, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani: siku chungu hiki kikipotea, hana tena cha kumkalisha kwa mkwe, atapanda kurudi Cibitoke akalale kwenye nyumba yake hata kama haina bati. Na mke wangu Dalia amesema mama yake akienda, naye anaenda, na mtoto wetu Azhar mgongoni. Kule juu watu bado wanalala na viatu miguuni, tayari kukimbia.

Kwa hiyo chungu hiki ni cha kushika kama yai. Nitamwomba kwa adabu.

Jumatano, 10 Juni

Nimeomba kwa adabu. Nimekataliwa kwa adabu vilevile.

Mama amesema chungu hakikalishwi mezani kama mgeni, mahali pake ni kwenye mafiga. Kama nataka sana kukichora, basi nikichore kikiwa kazini.

Nikaketi jikoni uani. Balaa! Moshi machoni, jivu puani. Tena rangi za maji na mvuke havipatani hata kidogo: naweka kahawia juu, inateremka yenyewe chini. Povu la maharage likaruka likatua katikati ya karatasi. Mama akainama kutazama, akasema hapo ndipo pamefanana.

Bomba limekauka tangu juzi. Dalia alinipimia maji nusu kopo ya kuchovya burashi, akaniwekea na kopo la chai pembeni. Nimechovya burashi kwenye chai. Nimekunywa rangi. Ulimi wangu ni wa bluu hadi sasa ninavyoandika, nimeusugua kwa chumvi, haibanduki. Nimemuuliza Dalia kama bluu inaua mtu. Akasema yeye hana bahati hiyo.

Aloys alipita jioni kusalimia. Uongo, alipita kupeleleza. Akaniuliza mbona siku hizi nasalimia kwa midomo iliyofungwa.

Karatasi moja imekwenda.

Alhamisi, 11 Juni

Nimepata wazo! Ni wazo la mtu mwenye akili, nimelizungusha kichwani tangu asubuhi na sioni tundu lolote.

Mama hahitaji chungu chake. Anahitaji chungu kinachofanana na chungu chake! Nikimwekea kingine jikoni, cha kweli nitakaa nacho karakana kwa utulivu, nikichore, nikirudishe. Hakuna atakayeumia.

Kupata chungu siku hizi si mchezo. Wafinyanzi wa milimani hawateremki tena, barabara zimekuwa za kuombea dua. Lakini Léoncie wa mgahawa alikuwa nacho kipya, hakijawahi kuona moto. Nimemwahidi kibao kipya kizima, chenye jina lake kwa herufi za dhahabu. Dhahabu sina. Nitafikiria.

Ukubwa ni ule ule, shingo ni ile ile. Ila hiki ni safi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, na cha Mama ni cheusi tii kwa masizi ya miaka. Basi? Si mi ni mchoraji? Nimefunga mlango wa karakana, nimechukua rangi nyeusi ya kisanduku, nimekipaka masizi kwa burashi, tabaka juu ya tabaka, hapa mazito, hapa mepesi, pale ulimi wa moto ulipolamba. Mdomoni nikachonga pengo kwa tupa, kama lile la chungu cha Mama. Wallahi ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilikaa nikiitazama mpaka machozi yakanilengalenga.

Kisha nikafungua kisanduku. Nyeusi imekwisha. Yaani nimemaliza nyeusi yote kupaka chungu, na sasa sina nyeusi ya kuchora chungu!

Nilipokuwa njiani kurudi nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba masizi ya kweli yako bure chini ya kila sufuria ya Buyenzi.

Ijumaa, 12 Juni

Asubuhi Mama alikwenda kupanga foleni ya maji. Nikabadilisha vyungu. Cha kweli nikakitia kwenye gunia la mkaa, nikakifunga kwenye baiskeli, nikaenda nacho karakana nikitembea kwa miguu pembeni yake, kila shimo la barabara nikilisomea Bismillahi.

Nimechora asubuhi nzima. Raha ilioje! Chungu juu ya meza, mwanga unaingia dirishani, kimetulia. Nimekiona kwa mara ya kwanza. Tumbo lake limeegemea upande mmoja kidogo. Shingoni kuna alama za vidole vya mtu aliyekifinyanga. Karatasi ya pili inakwenda vizuri, sijui imekuwaje, rangi inaingia inapotakiwa.

Mchana nikarudi nyumbani. Afadhali nisingerudi.

Maharage yalikuwa yamefurika, maji yakateremka ubavuni mwa chungu, na masizi yangu yote yakateremka nayo. Rangi za maji! Mama alikuwa amekishika kwa mikono miwili, kisha akashika mtandio wake mweupe anaoutunza kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Vidole vyote kumi viko pale, unaweza kuvihesabu. Na maharage yana ladha ya udongo, maana chungu kipya lazima kipikiwe uji kwanza, na nani angekipikia uji? Mi nikayasifu. Nikaomba niongezwe. Nimekula sahani mbili za matope.

Ingekuwa hayo tu! Lakini Mama aliketi mbele ya mafiga, akakitazama chungu kwa muda mrefu, akasema kinalia. Amepika nacho tangu alipoolewa, hajawahi kukiona kikitoa machozi meusi. Hii ni habari kutoka nyumbani. Mume wake kazikwa kule juu, nyuma ya nyumba, na hakuna mtu wa kumpalilia hata nyasi. Anamwita. Jumatatu atapanda Cibitoke.

Dalia akaanza kulia. Sentensi moja ilitosha kumaliza mambo yote. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema labda ni unyevu.

Jumamosi, 13 Juni

Mpango ulikuwa: asubuhi nirudishe chungu cha kweli, Mama akione kikavu, aseme kimenyamaza, asiende. Safi kabisa!

Lakini picha ilikuwa imebaki kidogo tu. Sehemu ya kivuli. Nikajiambia saa moja. Saa moja ikazaa nyingine, mchana ukafika, mi bado nachora, nimejisahau kabisa.

Ghafla mtaa mzima ukalipuka. Kelele kila upande, watu wanakimbia, bati zinagongwa. Nikajua wenye bunduki wamefika! Wametufikia Buyenzi! Sikufikiria Dalia, Mungu anisamehe, sikufikiria Azhar. Nilifikiria chungu. Nikakikumbatia kifuani, nikajitupa nacho chini ya meza ili kukilinda.

Kumbe Nigeria wamefunga goli. Kombe la Dunia! Nigeria tatu, Hispania mbili. Mtaa ulikuwa unashangilia mbele ya televisheni ya betri.

Nilikiangukia chungu kwa uzito wangu wote. Vipande vitatu.

Aloys akaingia akicheza, ameinua mikono juu, akaona miguu yangu imechomoza chini ya meza. Akauliza kama mi ni mshabiki wa Hispania.

Alipoondoka nilikaa sakafuni na vipande mapajani. Nilijisikia vibaya, vibaya sana, kama mtu aliyeangusha mtoto wa watu. Picha ilikuwa mezani, haikupata hata doa. Ilikosa weusi tu. Basi nikakwaruza masizi kwenye vipande, nikayakoroga na maji, nikamalizia. Sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.

Jumapili, 14 Juni

Gundi! Kwa nini sikuwaza mapema?

Callixte seremala amenipa gundi ya mbao, ile ya njano. Akauliza ni ya nini, nikasema kabati. Nimeunganisha vipande, nimefunga kwa kamba, nimengoja, nimefungua. Kinasimama! Nyufa nimezifunika kwa masizi, ya kweli safari hii. Ukikitazama kwa mbali, na jua likiwa limekupiga machoni, ni kizima kabisa.

Alasiri Mama alikwenda kuagana na majirani. Kuagana! Nikapata nafasi nikakiweka jikoni, kile cha bandia nikakificha nyuma ya magunia ya mkaa.

Kifurushi chake kiko tayari, kimefungwa kwa kanga, kiko karibu na mlango. Ni kidogo sana. Jioni risasi zimesikika kutoka upande wa kaskazini, na Mama akaendelea kuchambua maharage kama hajasikia. Dalia hajanitazama usoni tangu jana. Nina hofu. Naandika wazi: nina hofu.

Jumatatu, 15 Juni

Ilianza vizuri mno! Mama aliamka, akaenda jikoni, akapaza sauti: kimenyamaza! Chungu kimeacha kulia! Akakigusa, mikono ikatoka na masizi kavu ya kawaida. Akamshukuru Mungu, akafungua kifurushi. Dalia akacheka. Mi nikataka kuruka nikagonge bati.

Kisha Mama akasema kwa shukrani hii atapika maharage ya sadaka, ale kila mtu wa uani. Akakijaza chungu mpaka shingoni. Nikasema Mama leo tule mkate. Akasema apana. Nikasema leo mi nina hamu ya ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Akasema nikanunue, zitaliwa na maharage. Akawasha moto.

Gundi ya mbao haipendi moto.

Kilifunguka polepole, bila kelele yoyote, mbele ya majirani wote walioshika sahani. Maharage yakamwagika motoni, jivu likaruka, mvuke ukatufunika. Ulipotoka, Mama alikuwa ameinama, ameokota kipande. Akakwaruza ile njano kwa ukucha. Akageuka akanitazama mimi. Hakumtazama mtu mwingine.

Nikasema ni Nigeria. Haikutosha.

Dalia akaenda kuchukua mkaa awashe moto upya, akarudi na chungu cha bandia mkononi. Na Aloys, aliyekuja na sahani yake bila kualikwa, akawaeleza watu alivyoikuta miguu yangu chini ya meza. Basi yote yakajulikana, moja baada ya jingine, na mi nimesimama hapo hapo.

Natamani Mama angepiga kelele. Hakupiga. Alisema hana hasira na mimi. Ila hapa hakuna tena kitu chake. Akafunga kifurushi upya. Kesho.

Jumanne, 16 Juni

Hakuondoka asubuhi. Askari wamefunga barabara ya kaskazini, kule juu kunapiganwa. Nimesema Alhamdulillahi, kisha nikaona haya.

Mama ameketi mlangoni juu ya kifurushi chake, anangoja wafungue. Dalia amekusanya nguo za Azhar kwenye beseni. Alikwenda karakana kuchukua baiskeli ya kubebea mizigo. Nilisema nitaileta mimi, akasema nisiguse kitu.

Alirudi bila baiskeli. Mkononi alikuwa na picha. Akaiweka mapajani mwa mama yake.

Nilikuwa nyuma ya mlango, nachungulia kwenye ufa. Mama aliitazama, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu. Akagusa pengo la mdomoni. Akamwambia Dalia, hapa baba yako alipagonga na mwiko, alikuwa na njaa, hakungoja yaive. Akapitisha kidole kwenye zile alama za shingoni. Kisha akaniita nitoke, alijua niko pale, na akauliza huu weusi ni nini. Nikamwambia ni masizi yake yenyewe, Mama, niliyakwaruza kwenye vipande.

Akalia. Amekaa kwetu miaka yote hii, sijawahi kumwona akilia. Akasema tangu afike hapa hakuna mutu aliyemuuliza alitoka na nini, "na we baba Azhar, kumbe ulikuwa unakitazama."

Akafungua kifurushi. Akaomba msumari. Picha imetundikwa ukutani, mbele ya mkeka wake. Akasema sasa chungu hiki kimefika, hakitakimbia tena. Na yeye hatakimbia.

Dalia alirudisha nguo za Azhar kabatini. Mi nilikwenda nyuma ya choo nikalia kwenye kitambaa cha kufutia burashi, uso umetoka na madoa ya kahawia. Nimeapa mbele ya Mungu. Ujanja basi! Nimekoma.

Alhamisi, 18 Juni

Siku mbili za amani. Tunapikia sufuria ya kuazima na hakuna anayelalamika. Dalia ameniwekea sukari kwenye chai. Mama amegeuza mkeka wake ili akilala aione picha, na nimemsikia akiiambia lala salama.

Kisha leo Aloys akanionyesha kazi yake. Chungu, ndiyo. Ng'ombe anakunywa ndani ya chungu. Nyuma ya ng'ombe, ngoma. Nikamwambia ni nzuri sana. Ni mbaya kama ugonjwa! Na kesho asubuhi itashinda, kwa sababu itakuwa peke yake.

Yangu iko ukutani kwa Mama. Kumwomba haiwezekani, hata mi najua.

Lakini imebaki karatasi moja.

Nimefikiri kwa makini, bila haraka. Mama hapendi karatasi, anapenda chungu kilicho kwenye karatasi. Akiwa na kingine kinachofanana, atakuwa amepungukiwa nini? Macho yake yamechoka kwa moshi. Madamu Geneviève macho yake ni ya kuona sanaa. Basi kila mtu apate kinachomfaa. Na kiapo changu kilihusu vyungu. Hii ni karatasi.

Nyeusi sina, na kukwaruza sufuria usiku kungemwamsha Mama, basi nimetumia kahawa.

Ijumaa, 19 Juni, alfajiri

Naandika nikiwa nimesimama. Picha mpya imekauka, iko ndani ya shati langu, inakwaruza. Imetoka vizuri. Ukiitazama kwa mbali ni ile ile.

Mama yuko uani, amemaliza sala, ameinua mikono. Leo dua yake ni ndefu kuliko siku zote. Nimesogea nisikie atachukua muda gani. Ananiombea mimi. Amenitaja kwa jina langu, Massoudi, si baba Azhar, na anamwomba Mungu amlipe mema mkwe wake kwa moyo wake mweupe.

Vizuri. Nitapata nafasi ya kung'oa msumari taratibu.